Maswali na Majibu: James Hong, sura mnayoijua, jina msilolijua

Majuma mawili yaliyopita niliandika habari za mwigizaji Michelle Yeoh, na katikati nikagusia kwa mstari mmoja kwamba yule babu wa kwenye kiti cha magurudumu ndani ya filamu ya Everything Everywhere All at Once anaitwa James Hong, na kwamba aliyewahi kukalia benchi la kibanda umiza, yale mabanda yetu ya kuonyeshea video, hawezi kusema hajamwona. Mstari huo umeniletea barua kuliko makala yenyewe. Nimefurahi sana, maana mzee huyu nimempenda tangu nikiwa darasa la nne. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na leo safu nzima ni yake.

Msomaji wa Morogoro: Shikamoo mwandishi. Nimemtafuta kwenye simu huyo James Hong, nikaona picha, nikapiga kelele mpaka watoto wakaja mbio. Si ndiye yule mchawi wa zamani anayetoa mwanga machoni na mdomoni? Ni nani hasa, na katokea wapi?

Marahaba. Ndiye. Huyo mchawi anaitwa David Lo Pan, wa filamu ya Big Trouble in Little China ya mwaka 1986, iliyoongozwa na John Carpenter. Steringi, yaani mwigizaji mkuu, ni Kurt Russell, dereva wa lori anayeongea sana, lakini nakumbuka tulivyokuwa tukitoka kwenye banda pale Tanga: hakuna mtoto aliyemwigiza Russell. Wote tulikuwa Lo Pan. Mkanda ulikuwa umechoka, chenga zinapita kwenye kioo kila baada ya dakika, na bado mzee yule alitutia baridi ya mgongo.

Lo Pan amelaaniwa asiwe na mwili, na hawezi kuurudisha mpaka aoe msichana mwenye macho ya kijani. Kwa hiyo Hong anaigiza watu wawili ndani ya mtu mmoja: kikongwe aliyesinyaa kwenye kiti cha magurudumu, anayekohoa na kulalamika, na mzimu mrefu mwenye majoho ya kifalme asiyegusika. Kikongwe yule analalamika kama mzee yeyote wa mtaani anayesumbuliwa na miguu, na hapo ndipo hofu inapoingia, kwa sababu unamwonea huruma kabla hujajua unamwonea nani huruma. Filamu hiyo haikurudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema. Iliyoiokoa ni mikanda ya video, na sisi wa kwenye mabenchi tulikuwemo kati ya walioiokoa.

Kwao ni Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa ya Marekani kwenye theluji. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1929, wazazi wake wakiwa Wachina waliohamia huko, baba akiwa na duka la dawa za mitishamba. Sehemu ya utoto wake aliishi Hong Kong, kisha akarudi Minneapolis akiwa bado mdogo. Kwa hiyo mtu ambaye Hollywood ilimtaka kwa miongo mingi aongee Kiingereza cha kuvunjikavunjika ni mzaliwa wa Marekani kama steringi wa zamani Clark Gable alivyokuwa mzaliwa wa Marekani. Shikeni hilo, tutalirudia.

Msomaji wa Mombasa: Nimesoma mahali kuwa alikuwa injinia wa barabara. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Ni kweli. Alisomea uhandisi wa ujenzi, akaanzia Chuo Kikuu cha Minnesota na kumalizia University of Southern California, kisha akaajiriwa na serikali ya eneo la Los Angeles kwenye kazi za barabara. Katikati hapo palikuwa na jeshi: wakati wa vita vya Korea alivaa magwanda, lakini badala ya kupelekwa vitani akabakizwa kambini Alabama kuendesha maonyesho ya kuwaburudisha askari.

Aliyemfungulia mlango ni mchekeshaji Groucho Marx. Mwaka 1954 Hong alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha Groucho, You Bet Your Life, akaigiza sauti za watu maarufu, akiwemo Groucho mwenyewe mbele ya uso wake. Watazamaji walimwandikia barua kwa wingi, wakala akamchukua, na mwaka uliofuata akawa tayari yumo ndani ya Soldier of Fortune pamoja na Clark Gable, na Blood Alley ya John Wayne. Kazi ya barabara hakuiacha mara moja. Kwa muda alitumia siku zake za likizo na za ugonjwa kwenda kuigiza, mpaka zilipokwisha ikabidi achague.

Msomaji wa Dar es Salaam, Temeke: Mwandishi, unamsifia, lakini miaka 70 yote hiyo hakuwahi kuwa steringi. Kama angekuwa na kipaji kikubwa hivyo si wangempa?

Nakushukuru kwa kuuliza waziwazi, maana wengi wanalifikiria hili bila kulisema. Jibu langu ni hapana. Usteringi Marekani, kwa mtu mwenye sura ya Hong, haukuwa suala la kipaji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na waliofunga walikuwa na majina na sababu zao za biashara.

Anza na mwaka 1937. Kampuni ya filamu ya MGM ilitengeneza The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China. Mume akaigizwa na Paul Muni, mke na Luise Rainer, Wazungu wote wawili, waliopakwa rangi na kubadilishwa sura. Rainer akapata Oscar. Anna May Wong, Mchina-Mmarekani aliyekuwa nyota tayari na aliyeitamani mno nafasi ile ya mke, hakupewa. Kanuni za maadili za sinema za wakati huo zilikataza mapenzi kati ya watu wa rangi tofauti kwenye kioo. Ukishampa Mzungu nafasi ya mume, basi mke naye lazima awe Mzungu. Unaona fundo lilivyofungwa? Ubaguzi mmoja unazaa wa pili, halafu wa pili unatumika kuutetea wa kwanza.

Hong mwenyewe alikutana na jambo hilohilo kwenye televisheni. Mwaka 1957 alipata nafasi nzuri kwenye tamthilia ya The New Adventures of Charlie Chan, akiwa mtoto mkubwa wa mpelelezi Charlie Chan. Mpelelezi mwenyewe, baba yake Mchina, akaigizwa na J. Carrol Naish, mtu wa asili ya Ireland. Kwenye filamu za nyuma za Charlie Chan ilikuwa vivyo hivyo: Warner Oland alikuwa mzaliwa wa Sweden. Yaani Mchina alifaa kuwa mtoto wa Charlie Chan, na Charlie Chan mwenyewe hakufaa kuwa. Twende tena 1972: tamthilia ya Kung Fu, mtawa wa Shaolin anayezunguka Marekani ya zamani. Bruce Lee alifikiriwa kwa nafasi hiyo, ikaishia kwa David Carradine. Hong akaitwa kwenye vipindi kadhaa vya tamthilia hiyo, leo mtu huyu, kesho mtu yule, akisimama pembeni ya steringi ambaye uchina wake ulikuwa wa kuvaa.

Sasa nikueleze alichofanya, maana ndipo heshima yangu kwake ilipojengeka. Mwaka 1965 yeye na wenzake wachache, akiwemo Mako, walianzisha kikundi cha tamthilia Los Angeles kinachoitwa East West Players. Mako huyo wengi mnamkumbuka kama mchawi wa kwenye Conan the Barbarian. Walianzia kwenye chumba cha chini cha kanisa. Lengo lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulifanya: Wamarekani wenye asili ya Asia wapate jukwaa ambalo wao ndio baba, ndio mpenzi, ndio mfalme, ndio mlevi, ndio steringi. Watu waliokuwa wakiitwa mchana kuwa dobi au jasusi kwa mistari mitatu, usiku walikwenda kwenye chumba kile kucheza nafasi nzima. Kikundi hicho kipo mpaka leo, na waigizaji waliopitia humo ni wengi mno kuwataja.

Ndugu yangu wa Temeke, mtu anayejenga nyumba nzima ili apate chumba cha kusimama hana upungufu wa kipaji.

Msomaji wa Kisumu: Wanasema ana kazi zaidi ya 600. Hesabu hiyo inawezekanaje kwa binadamu mmoja?

Inawezekana ukijua kazi inavyohesabiwa. Steringi hukaa kwenye filamu moja kwa miezi. Mwigizaji wa nafasi ndogo anaweza kuitwa Jumanne asubuhi, akavalishwa, akasema mistari yake, akaondoka kabla ya jua kuzama. Siku hiyo moja inaingia kwenye orodha yake kama kazi kamili. Halafu televisheni ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mashine yenye njaa kali: tamthilia moja ilitoa vipindi 30 na zaidi kwa mwaka, na kila kipindi kilihitaji wageni wapya, daktari, mpangaji, muuaji, shahidi. Ukiwa mwepesi, unafika kwa wakati na mistari umeikariri, unaitwa tena. Tamthilia iliyodumu miaka mingi iliweza kumwita mara nyingi, kila mara na jina jipya, na watazamaji hawakulalamika.

Ongeza na sauti. Mwaka 1956 filamu ya Kijapani ya Godzilla ilipotengenezwa upya kwa ajili ya Wamarekani, Hong na mwenzake Sammee Tong waliingizwa chumbani wakagawana sauti za karibu wanaume wote wa Kijapani, na kazi ikaisha kwa saa chache. Hong akawa Ogata na pia Serizawa. Waliotazama wanajua kuwa hao wawili wanampenda msichana mmoja, kwa hiyo Hong alikuwa akishindana na nafsi yake mwenyewe kwenye kipaza sauti! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nikamkumbuka Lufufu, mtafsiri wa filamu kwenye mikanda yetu, na ninyi wa Kenya mtamkumbuka DJ Afro: mtu mmoja, jeshi zima mdomoni mwake.

Msomaji wa Unguja: Watu hawa wa nafasi ndogo wanakula nini? Siku moja ya kazi inalisha familia?

Siku moja hailishi. Kinacholisha ni chama na marudio. Waigizaji wa Marekani wana chama chao tangu 1933, na mwaka 1960 waligoma wakashinda jambo kubwa: filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo zikionyeshwa kwenye televisheni, mwigizaji analipwa tena, hata kama malipo ni madogo. Pia wakapata mfuko wa pensheni na matibabu. Filamu za zamani zaidi, zikiwemo zile za kwanza za Hong za 1955, hazikuingia kwenye malipo hayo ya marudio. Kwa mwenye nafasi ndogo nyingi, hundi ndogondogo zinazokuja kutoka pande zote ndizo zinazomvusha miezi isiyo na kazi. Mgomo wa 2023, uliochukua siku 118, kwa sehemu kubwa ulihusu jambo hilihili: kwenye majukwaa ya kutazamia mtandaoni hundi hizo zilikuwa zimekonda. Na ulihusu akili bandia pia, kampuni isije ikachukua sura ya mtu kwa siku moja ikaitumia milele bila idhini yake. Walioumia zaidi na mambo hayo mawili ni watu wa aina ya Hong, ambao bidhaa yao ni sura na ni siku.

Msomaji wa Nairobi, Kayole: Habari mwandishi. Mimi ni mwigizaji. Nimecheza mlinzi mara nne na dereva mara mbili. Nimechoka kufungua mageti. Huyu mzee alifanyaje hadi nafasi ndogo zikaonekana?

Pole na kazi, na asante kwa kuandika. Swali lako ndilo nililolikalia muda mrefu kuliko yote, nikarudi kuangalia vipande vitatu. Nitakueleza nilichoona.

Cha kwanza kinakuhusu moja kwa moja, kwa sababu ni mtu wa kufungua mlango. Kwenye Chinatown ya 1974 Hong anaitwa Kahn, mtumishi wa nyumba ya tajiri. Jack Nicholson, mpelelezi, anakuja, Kahn anamkabili. Maneno yake yanahesabika kwa vidole. Tazama alivyosimama. Hajaribu kukuchekesha wala kukutisha, hajaongeza kikohozi wala kukunja uso ili umkumbuke. Anasimama kama mtu anayelinda kitu. Filamu ikifika mwisho, siri mbaya ya nyumba ile ikishafumuka, ndipo unapogundua kwamba Kahn alikuwa akiijua tangu siku ya kwanza. Ukirudia filamu, kila anapofungua mlango unamwona tofauti. Aliamua mhusika wake anajua nini, akakibeba kila alipoingia, bila mstari hata mmoja wa kukieleza. Geti lako unalolifungua, huyo mlinzi anajua nini kuhusu watu wa mle ndani? Andika pembeni ya skripti hata kama hakuna atakayekuuliza.

Cha pili ni Blade Runner, 1982. Hong ni Hannibal Chew, fundi wa macho ya watu bandia. Yuko ndani ya karakana ya barafu, kajifunika koti la manyoya lenye mirija ya kumpasha moto. Baridi ile haikuwa ya kuigiza: walirekodi ndani ya ghala halisi la kugandishia vyakula, Los Angeles, na mvuke unaotoka mdomoni mwake ni pumzi yake. Kabla wabaya hawajaingia, tunamwona akiwa na kazi yake, peke yake, akifurahia jicho alilotengeneza kama sonara anayegeuza pete. Sekunde chache tu. Lakini sekunde hizo zinakwambia huyu ni mtu mwenye maisha, ana ufundi anaoupenda, ana asubuhi yake na jioni yake. Kisha Rutger Hauer anaingia na mwenzake Brion James, James anang'oa mirija ya koti, na mzee anaanza kuganda huku akijitetea kwamba yeye anatengeneza macho tu, mengine hayajui. Tunaumia kwa sababu tulishamwona akiwa na furaha. Wangapi wangepoteza zile sekunde za mwanzo wakisubiri mistari yao ifike! Wewe ukipewa dakika ya kukaa kwenye usukani kabla abiria hajaingia, hiyo ndiyo dakika yako.

Cha tatu kitakushangaza, ni cha kuchekesha. Mei 1991 tamthilia ya Seinfeld ilitoa kipindi kizima kinachotokea mahali pamoja, sehemu ya kusubiria meza kwenye mgahawa wa Kichina. Marafiki watatu wana njaa. Hong ni mpokeaji wa wageni. Kila wakimwuliza, anawajibu kuwa ni dakika tano, kumi. Watu wengine wanaingia na kukalishwa. Mmoja wa wale watatu, Costanza, anasubiri simu; simu inapigwa, Hong anatangaza kwa sauti kubwa jina lililokosewa, Cartwright, hakuna anayeitika, simu inakatwa. Mwishoni wanakata tamaa na kuondoka, mlango unafungwa, na hapohapo Hong anainua kichwa na kuita jina lao. Sasa sikiliza: hachekeshi. Hata mara moja haonyeshi kuwa anajua kuna kichekesho. Ni mtu mwenye shughuli nyingi, mwenye adabu zake, anayefanya kazi yake vizuri kwa mtazamo wake. Ukumbi mzima unacheka kwa sababu yeye hacheki. Marekani wapo ambao mpaka leo wakimwona barabarani humpigia kelele jina hilo la Cartwright, kwa kazi ya dakika chache.

Na jambo la mwisho kwako. Mwaka 1986 Hong alikuwa na miaka 57 alipopata Lo Pan, akiwa na zaidi ya miaka 30 ya nafasi za kufungua milango. Usikae ukasubiri umri huo. Tafuta wenzako wanaofungua mageti kama wewe, mtafute chumba.

Msomaji wa Mwanza: Aliwahi kupewa tuzo yoyote kubwa?

Heshima ilichelewa, ikaja yote kwa pamoja. Ile nyota ya kuwekwa kwenye barabara ya Hollywood haitolewi bure, lazima pawe na anayelipia, na kwa kawaida hulipa kampuni ya filamu inayotaka kutangaza steringi wake. Hong hakuwa na kampuni nyuma yake. Mwaka 2020 mwigizaji mwenzake Daniel Dae Kim akaita mchango wa watu mtandaoni, na dola 55,000 zikatimia ndani ya siku chache. Nyota ikafunuliwa tarehe 10 Mei 2022, mzee akiwa na miaka 93, mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuipokea. Kwangu hiyo ni nyota tamu kuliko nyingine zote za barabara ile. Ililipiwa na watazamaji.

Februari 2023, siku nne baada ya kutimiza miaka 94, alipanda jukwaani na wenzake wa Everything Everywhere All at Once kupokea tuzo ya chama cha waigizaji ya kundi bora. Michelle Yeoh na wengine walimwachia kipaza sauti. Akaanza na Clark Gable na filamu yake ya kwanza, akaeleza jinsi nafasi kuu za Waasia zilivyokuwa zikichezwa na watu waliovutwa macho kwa utepe wa gundi, na jinsi watayarishaji walivyosema Waasia hawatoshi na hawauzi tiketi. Kisha akauambia ukumbi utazame walipofika. Ukumbi ukasimama. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni na nikasimama pia. Majuma mawili baadaye filamu ile ikachukua Oscar saba, ikiwemo ya filamu bora. Yeye mwenyewe hakuwahi kuteuliwa kwa Oscar, na mimi nadhani wamekosea.

Msomaji wa Arusha: Tuelekeze wengine wa aina yake. Nataka kuwajua kwa majina.

Nitakupa watatu. Al Leong, yule mwenye sharubu ndefu na nywele za pembeni, anayeiba chokoleti katikati ya mapigano kwenye Die Hard. Yumo pia kwenye Big Trouble in Little China, na kazi yake mara nyingi ni kufa vizuri. M. Emmet Walsh, aliyefariki 2024, bosi wa polisi kwenye Blade Runner. Mhakiki Roger Ebert alikuwa na kanuni kwamba filamu yenye Walsh au Harry Dean Stanton haiwezi kuwa mbovu kabisa. Na Keith David, sauti nzito kuliko zote, mtazame kwenye The Thing na They Live. Kila filamu ikiisha, usizime majina yanapopanda.

Msomaji wa Lubumbashi: Mjukuu wangu anapenda Kung Fu Panda, tunaitazama karibu kila juma. Ananiambia yule baba bata ni huyohuyo James Hong. Mtoto ana haki?

Mama, mtoto ana haki. Bata bukini anayeuza supu ya tambi, Mzee Ping, ni sauti ya Hong kwenye filamu zote nne: 2008, 2011, 2016 na 2024. Hiyo ya mwisho ilitoka akiwa na miaka 95.

Kwa kuwa mnaitazama mara nyingi, nitakuomba jambo moja. Kwenye ya pili kuna mahali panda Po, ambaye ameshakuwa shujaa, anamwuliza baba yake alitoka wapi. Bata anamsimulia kwamba alitegemea kukuta mboga kwenye sanduku uani kwake, akakuta mtoto. Akamlisha, akamwogesha, akaamua supu ya siku ile aipike bila mboga hizo na mtoto amlee awe wake. Tangu siku hiyo, anasema, supu yake na maisha yake vyote vilizidi utamu. Mkifika hapo, mama, fumba macho usikilize sauti peke yake.